Udongo hauna hatia

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa kijana wa kumwagia rola maji, na miaka yote hiyo sikuwahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengi niliyameza. Lakini ile ripoti yenu ya Jumanne kuhusu mabwawa ya kunyunyizia mashamba imenikwama kooni kama mwiba wa tilapia.

Mwandishi wenu anasema mabwawa ya udongo ni ya kizamani, kwamba ni hatari kwa kuwa ni ya udongo, na dawa yake ni kuyabomoa tujenge ya saruji. Namuuliza: siku aliyoandika hayo, chai yake aliipikia maji gani? Ikiwa anaishi Nairobi na bomba lake linatoa kitu, basi huenda alikunywa maji ya bwawa la Ndakaini. Ndakaini ni tuta la udongo. Limeinuka mita 65, lilikamilika 1994, na nyuma yake hukaa mita za ujazo milioni 70 likijaa. Sasumua, ambalo limetunywesha tangu miaka ya hamsini, ni udongo. Masinga la mwaka 1981, kule Tana, ni udongo. Hata Thiba, lililofunguliwa juzijuzi tu, 2022, kwa ajili ya mpunga wa Mwea, ni udongo na mawe. Au wahandisi wa huko nao ni wa kizamani?

Nilikuwa nyapara wa kazi za udongo kwa miaka 27, na mabwawa ya mashamba ya kahawa niliyoshiriki kuyajenga au kuyaziba siwezi kuyahesabu kwa vidole. Tuta halirundikwi tu. Unatandaza udongo wa mfinyanzi, unaunyunyizia maji kiasi (ukikauka haushikani, ukilowa unakuwa uji), rola inapita na kurudi mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama, ndipo unatandaza mwingine. Tabaka juu ya tabaka, kama chapati za maji. Likishindiliwa hivyo litadumu kuliko wewe na wajukuu wako. Kinacholiua ni maji kupita ndani yake au maji kupita juu yake, na yote mawili huanza na mtu aliyelala.

Ile picha yenu, kwa mfano. Mmeandika chini yake "bwawa lililotunzwa vyema", na juu ya tuta imesimama mikaratusi mirefu kama nguzo za stima! Mti ukiota kwenye tuta, mzizi unatafuta maji, unachimba. Siku mti ukikatwa, mzizi unaoza na kuacha bomba ambalo hakuna fundi aliyeliweka. Fuko naye anakuja kuongeza vyumba vyake. Tulikuwa tukimkuta mtu anapanda mti kwenye tuta, alirudi nyumbani siku hiyo bila kibarua. Siku hizi anapanda mheshimiwa, na nyinyi mnampiga picha akiwa na koleo.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu. Naishi Kahawa Magharibi, mtaa wa chini ya bwawa la zamani la shamba la kahawa. Shamba lenyewe liliisha, likakatwa ploti za hamsini kwa mia, na ploti za ukingoni zikauzwa ghali zaidi kwa kuwa eti zina mandhari ya ziwa. Sikuwa na neno, kila mtu na macho yake. Lakini bwawa lolote la udongo lina njia yake pembeni, ya kupitishia maji ya ziada kabla hayajafika mgongoni mwa tuta, ile tuliyokuwa tukiiita spilwei. Ya hapa kwetu ilikuwa mfereji mpana wenye nyasi, mkavu miaka saba, wa nane unafanya kazi usiku mmoja. Huo mfereji, Mhariri, uliuzwa. Ukapewa namba ya ploti. Mwenyewe akajenga ukuta wa mawe futi nane, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na geti jeusi. Nilikwenda kwenye ofisi moja, nikatumwa ya pili, ya pili ikaniuliza kama nina hati ya ploti inayozozaniwa, nikasema sina ploti, nina mfereji, wakacheka. Ya tatu ilinitaka nilete ramani. Nikaleta ramani. Wakasema hiyo ni ya zamani, kwenye kompyuta hakuna mfereji. Ikaja Aprili 2024, mnaikumbuka mvua ile. Usiku nilitoka na tochi, na fimbo yangu niliyoitia alama za kisu. Maji yalikuwa yamebakisha shubiri mbili kufika juu ya tuta, na yalikuwa yamejibanza kwenye ule ukuta kama ng'ombe kwenye josho. Huku chini kuna nyumba za mabati, kuna shule ya chekechea, kuna mimi. Niliwaamsha vijana watatu wa mkokoteni, nikachukua mtaimbo wangu, tukatoboa ukuta. Tundu la kwanza lilikuwa la kupitisha sufuria, mengine maji yalijimalizia yenyewe. Kufikia alfajiri yalikuwa yameshuka alama nne za fimbo. Nikarudi, nikavua viatu, nikalala. Saa nne askari wawili walibisha mlango. "Mzee, umeharibu mali ya mtu." Nilikaa kwenye benchi la kituo mpaka jioni, umri huu, na matope yamekaukia miguuni, nikiambiwa nilipe shilingi 38,000 za ukuta au kesi iende mbele. Wanangu wakachanga. Hakuna aliyeniuliza shubiri mbili ni nini. Na ukuta ukajengwa upya, mrefu kuliko wa kwanza. Wametuachia bomba la inchi nne pale chini, la kupitishia mafuriko.

Mwandishi wenu anataja Solai, kule Nakuru ambako bwawa la shamba lilipasuka, kama ushahidi kwamba udongo ni mbaya. Usiku ule wa 9 Mei 2018 watu zaidi ya 40 walisombwa, na mamlaka ya maji yenyewe ikatuambia baadaye kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali. Udongo ndio ulipaswa kwenda kuomba kibali? Na mafuriko ya Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, mwezi uleule wa ukuta wangu: siku ya kwanza vyombo vya habari vikatangaza bwawa limepasuka. Kumbe ni maji yaliyozuiliwa na kalvati iliyoziba chini ya reli. Njia ya maji iliziba, Mhariri. Njia iliziba!

Na nikiwa hapohapo kwenye njia za maji. Mama mboga wa barabara yetu, kibanda chake cha mbao kilichorwa X nyekundu mwaka jana kwa kuwa kiko karibu na mto. Kibanda unachoweza kukihamisha kwa mabega! Ule ukuta ulio katikati ya mkondo haujapata hata nukta. Tena sisi tunaolala chini ya bwawa lililojaa hadi pomoni, mabomba yetu hutokwa na maji Alhamisi usiku, kama hutokwa, na siku nyingine tunanunua mtungi wa lita 20 kwa kijana yuleyule wa mkokoteni niliyetoboa naye ukuta. Rangi nyekundu ipo ya kutosha. Dawa ya kutibu maji haipo.

Kwa kuwa mnapenda suluhisho, langu ni la bei ya chini kuliko saruji. Kila bwawa lipewe kondoo 12, si ng'ombe, kwato za ng'ombe huvunja mteremko. Kondoo hula nyasi ikabaki fupi, na tundu la fuko likaonekana. Lipewe kijana mmoja, gambuti, panga, na ubao wenye alama uliosimikwa majini. Halafu lipewe chupa ya kioo. Kila asubuhi kijana ashuke nyuma ya tuta, pale maji yanapochuruzika, akinge. Yakiwa maangavu, tuta linapumua tu. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, tuta linatoka kidogo kidogo, na watu wahame siku hiyohiyo. Chupa ziletwe kwenu, mchapishe rangi zake kila Ijumaa pale mnapochapisha utabiri wa nyota. Na afisa aliyeupa mfereji namba ya ploti apewe ploti hiyo bure, pamoja na geti, kwa sharti alale humo kila mwezi wa Aprili na wa Novemba.

Mwisho, mtaimbo wangu bado uko kituoni. Waliuchukua kama kielelezo, na kesi yenyewe haikuendelea baada ya kulipwa zile 38,000. Nimeenda kuuulizia mara tatu. Mvua za vuli zikianza nitauhitaji, na vijana wa mkokoteni nimeshawaarifu.

Nyapara mstaafu,
Kahawa Magharibi, Nairobi