Pikapu Kuukuu Yenye Taa Zilizochanganyikiwa: Usinunue Kitu Kabla ya Kuangalia Hasi

Ukikanyaga breki, indiketa zote mbili zinawaka kwa mbali. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo za nyuma nazo zinakonyeza. Gari za namna hii tunazipokea sana gereji kwetu hapa Moshi, hasa Hilux na Land Cruiser za zamani zinazoshusha ndizi kutoka Marangu na Kibosho, na wakati wa masika ndiyo zinazidi. Wateja wengi wanafika wakiwa wameshanunua globu mpya, swichi ya indiketa, wengine hata betri, na taa ziko vilevile. Inatuuma, kwa sababu mara nyingi kilichohitajika ni msasa tu.

Umeme ukitoka kwenye betri kwenda kwenye taa, ni lazima urudi kwenye betri. Kwenye gari unarudi kupitia bati la bodi na chasisi, na njia hiyo ya kurudi ndiyo tunayoiita hasi. Waya mfupi wa hasi wa taa umefungwa kwa boliti kwenye bati, na hapo ndipo tope na kutu huingia. Njia ikizibwa, umeme unapenya kwenye globu ya jirani kutafuta hasi kwingine, ndiyo maana inawaka taa ambayo hukuiwasha. Pikapu ina udhaifu wa ziada: kabini imekalia mipira juu ya chasisi, na mpira haupitishi umeme. Ule mkanda wa shaba unaounganisha injini, kabini na chasisi ukikatika, au ukifungwa juu ya rangi baada ya gari kupigwa rangi upya, hata stata itazunguka kinyonge huku betri ikiwa nzima.

Kupima ni rahisi ukiwa na mita ya kupimia umeme. Iweke kwenye volti, washa taa, gusisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa hasi wa taa ya nyuma. Ikisoma chini ya 0.2, upande huo ni mzima. Ikisoma volti 1 au zaidi, ugonjwa umeuona. Fungua boliti, sugua mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasirudi.

Betri inayolala nzima na kuamka imekufa ni kesi nyingine. Ikiwa imejaa na gari limezimwa, isome karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, alternata haichaji. Kama inachaji vizuri, basi kuna kitu kinanyonya usiku, na mara nyingi ni redio au king'ora kilichoungwa kiholela. Tunakitafuta kwa kuchomoa fyuzi moja moja huku tukitazama mita.

Kuhusu fyuzi, hapa hatuna simile. Fyuzi ya ampea 15 inakatika ili waya usiungue. Ukifunga kipande cha waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pake, shoti ikitokea zitayeyuka nyaya za nyuma ya dashibodi, na gari linaweza kuwaka na watu ndani. Hatutakurudishia gari likiwa na fyuzi ya kuungaunga, hata ukituambia una haraka. Taa za ziada nazo zina sharti lake: mbili za wati 100 zinavuta takribani ampea 17, mzigo ambao swichi ya zamani haikutengenezewa. Zinahitaji rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa badala ya swichi ya dashibodi, na fyuzi yake.

Ukileta gari, tueleze tatizo linatokea lini: baada ya mvua, kwenye makorongo, au ukiwa umepakia. Na kama kuna fundi aliyewahi kukata au kuunga waya, tuonyeshe ni wapi, maana tutaanzia hapo kabla ya kufungua dashibodi.