Mabeki wetu wastaafu wapewe vijana kabla ya 2027

Mhariri,

Tangu CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ichezwe hapa kwetu Agosti 2025, gumzo la soka Nairobi limekuwa la wafungaji. Mimi mwenyewe nilishangilia bao la Ryan Ogam dhidi ya Morocco hadi sauti ikanikauka, kwa hivyo simwonei kijicho yeyote anayetikisa wavu. Ila nimefundisha vijana mitaa ya Eastlands kwa muda mrefu, na kila msimu mpya mambo ni yale yale. Ukiuliza nani atacheza namba tano, beki wa kati, kila mmoja anaangalia viatu vyake. Mwishowe anayepelekwa nyuma ni yule mrefu, au aliyechelewa kufika, au asiye na wa kumtetea.

Ukimuuliza kijana huyo ni beki gani angependa kumwiga, atakutajia Virgil van Dijk. Hana kosa. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamweleza habari za Musa Otieno.

Musa ni mzaliwa wa jiji hili, na alicheza beki. Alitoka ligi ya nyumbani akaenda Santos ya Cape Town, akakaa huko takriban mwongo mzima, jambo ambalo Wakenya wachache wameliweza katika ligi ya Afrika Kusini. Santos haikuwa klabu ya kifahari. Haikuwa na umati wa Kaizer Chiefs wala Orlando Pirates, lakini msimu wa 2001/02 iliwaacha wote nyuma ikatwaa ubingwa. Mchezaji anayedumu kwenye kikosi cha namna hiyo huwa ameaminiwa na makocha kadhaa waliokuja na kuondoka, na beki haaminiwi kwa sababu ya jina. Akikosea mara moja, bao limeingia, na uwanja mzima umeona.

Mwaka 2004 alikuwa nahodha wa timu ya taifa, Harambee Stars, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Tunisia. Kenya ilikuwa haijaonekana katika mashindano hayo tangu 1992, na kocha Jacob Mulee, tunayemwita Ghost, ndiye aliyetuvusha. Mali ilitufunga 3-1. Senegal ikatufunga 3-0. Tulikuwa tumeshatolewa tulipoingia kucheza na Burkina Faso, tukaichapa 3-0, na huo ukawa ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika AFCON. Wengi hukumbuka yale mabao matatu. Mimi hukumbuka ile sufuri. Timu iliyofungwa mabao sita katika mechi mbili, isiyo na chochote cha kugombea isipokuwa heshima, ilifunga mlango siku ya tatu. Hapo palikuwa na mtu nyuma aliyekuwa akiwapanga wenzake, akiwafokea na kuwatia moyo, huku naye amechoka kama wao.

Alipotundika daluga hakutoroka mchezo. Amekaa kwenye benchi la Harambee Stars kama kocha msaidizi, na ana wakfu wenye jina lake unaoshughulika na vijana na soka. Namheshimu sana kwa hilo. Swali langu ni kwa nini kazi hii iachiwe moyo wa mtu mmoja.

Tukirudi nyuma zaidi, tunakuta habari ni ile ile. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, Kombe la Mandela, nahodha alikuwa beki, Austin Oduor, na nyuma pia alikuwepo John 'Bobby' Ogolla, ambaye mashabiki walimwita Six Million Dollar Man. Fainali dhidi ya Esperance iliisha 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, na Gor wakabeba kombe kwa mabao ya ugenini, mawili dhidi ya moja. Bao la Peter Dawo siku ile linaimbwa hadi leo, na inafaa liimbwe. Lakini fikiria dakika zile matokeo yakiwa 1-1: Esperance wangepata bao moja tu zaidi, kombe lingepanda ndege kwenda Tunis. Waliolizuia ni mabeki na kipa. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara hadi sasa.

Nasema haya kwa sababu kuna ujuzi usiopatikana kwenye video za simu. Majuzi nilikuwa nikimtazama kijana wangu wa miaka kumi na minne akimkabili winga. Alisimama wima kifua mbele, miguu sambamba, visigino vimegandamana na vumbi. Winga akausukuma mpira pembeni yake na kupita, kijana akabaki akigeuka. Nilimsimamisha upande, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mshambuliaji, nikamwambia amfungie njia ya ndani ili winga asukumwe kwenye mstari wa pembeni. Baada ya majaribio machache alianza kunyang'anya mpira bila kuanguka chini. Uso ulimng'aa.

Hayo naweza kuyafundisha. Nisiyoweza ni yale yanayokuja baadaye: ni wakati gani umwachie straika ashuke kuchukua mpira na wakati gani umfuate, mstari mzima usogee mbele saa ngapi ili aotee, utamwambiaje beki mwenzako aliyekosea ili asikosee tena dakika inayofuata. Hayo anayajua aliyesimama uwanjani maelfu wakipiga kelele asiisikie sauti yake hata anapoita jina la mwenzake. Watu hao wako hapa Nairobi. Wengine tunapanda nao matatu.

Kama kuna anayedhani ulinzi ni kazi ya wasio na kipaji, na akumbuke mechi hiyo hiyo ya Morocco. Tulipata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tukacheza kipindi kizima cha pili tukiwa kumi, na hatukufungwa. Katika mechi nne za kundi lile tuliruhusu bao moja tu, la Angola. Hata kwenye robo fainali tuliyotolewa na Madagascar kwa penalti, bao letu lilifungwa na beki, Alphonce Omija.

Kuna upande mwingine wa maisha ya beki ambao hauimbwi kabisa, nao ni mwili wake. Mwaka 2019, Brian Mandela aliumia goti kambini Ufaransa siku chache kabla ya AFCON ya Misri, akayakosa mashindano yote. Huyo alikuwa mchezaji wa kulipwa, na timu ya taifa ina madaktari. Mimi niliyecheza madaraja ya chini niliumia goti nikizuia shuti, na klabu niliyokuwa nikiichezea ilinipa nauli ya kwenda hospitalini, basi. Jamaa zangu walichanga. Goti hilo hujua mvua inakuja kabla ya watabiri wa hali ya hewa, na ngazi za nyumba yangu nazipanda nikishika ukuta. Ninao wenzangu waliocheza nyuma walio na hali mbaya kuliko yangu, na kazi zao za sasa ni za kusimama kutwa.

Mfanyakazi aliyeajiriwa nchini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, mamlaka ya afya ya jamii, na mwajiri humwekea akiba ya uzeeni NSSF. Mchezaji anayefanya mazoezi kila siku asubuhi na kuzuiwa kuchezea kwingine ni mfanyakazi. Klabu imwandikishe, imlipie. Wakati wa CHAN tulisikia kila mchezaji akiahidiwa shilingi milioni 1 kwa kila ushindi wa hatua ya makundi. Sikukasirika, walistahili. Nilijiuliza tu ni sehemu gani ya fedha za namna hiyo ingetosha kumtibu goti mtu aliyeichezea nchi miaka ishirini iliyopita.

Ombi langu kwa Shirikisho la Soka Kenya na kwa Kaunti ya Nairobi ni hili. AFCON ya 2027 inakuja hapa, Uganda na Tanzania, na uwanja mpya unajengwa kando ya Ngong Road. Kijana wa miaka kumi na minne leo hatacheza mashindano hayo, ila atayatazama akiwa na umri wa kuamua kama soka ni yake. Watafuteni mabeki waliowahi kuvaa jezi ya taifa. Walipieni ada ya kozi za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, wasio na vyeti, kwa maana wengi hawana uwezo wa kuzilipa. Kisha mpeni kila mmoja uwanja wa mtaa, Camp Toyoyo, Umoja, Dandora, Kibera, kila Jumamosi na wakati wa likizo za shule, na posho inayoeleweka, ya kila mwezi, isiyosubiri mkutano wa kamati. Wawafundishe mabeki peke yao, kama makipa wanavyofundishwa na kocha wao. Sisi wakufunzi wa mitaa tutakuwa pale pembeni tukiandika.

Na shirikisho liweke wazi rekodi za waliochezea Harambee Stars: jina, nafasi, mechi alizocheza na miaka. Mzazi akitaka kumwonyesha mwanawe nani alikuwa beki wa Kenya asilazimike kutegemea kumbukumbu za wazee kwenye kibanda cha chai. Kazi hiyo haihitaji uwanja wala ufadhili mkubwa. Inaweza kuanza Jumatatu.

Mkufunzi wa soka la vijana,
Jericho, Nairobi