Tuandike nini kwenye jiwe la mama mkubwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wako na wa wasomaji. Fundi wa kaburi anasubiri maneno, na mimi na mjomba hatujaelewana.

Mama mkubwa tulimzika mwaka jana huku Lushoto. Sisi watoto tulimjua kama mwalimu wa hisabati, basi. Kumbe katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Soroti, Uganda, kwenye chuo cha urubani kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971.

Nilipopanga vitu vyake nilikuta daftari lake la kuruka chini kabisa ya sanduku la bati, limeviringishwa kwenye khanga. Kila safari ina mstari wake: tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili wa ndege inayoanza na 5X, alama ya Uganda, jina la mwalimu, muda. Kwenye ukurasa wa nne kuna mstari usio na jina la mwalimu. Dakika 10 tu. Pembeni ameandika "solo" na kupiga mstari mara mbili. Siku hiyo aliruka peke yake. Nilikaa pale sakafuni nikalia.

Mstari wa mwisho ni wa Januari 1977. Mwezi uliofuata Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya ilikuwa imevunjika, shirika lake la ndege likiwa limeshakufa. Akarudi nyumbani na saa 61 za kuruka. Leseni sijaiona popote.

Mjomba anataka jiwe liandikwe "Rubani wa kwanza mwanamke Afrika Mashariki". Nilimweleza kwamba Beryl Markham alijifunza kurusha ndege Nairobi mwaka 1931, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Akanijibu, "Huyo mzungu. Mimi nasema mtoto wa hapa." Sawa, lakini kwa ushahidi gani? Huenda darasani alikuwemo binti mwingine, wa Kampala au Kisumu, ambaye naye daftari lake liko sandukuni kwa watu. Siwezi kumwinua mama mkubwa kwa kumfuta mwenzake.

Ila mjomba ni mzee, na ndiye aliyemsindikiza dada yake hadi kituo cha basi Korogwe, akimbebea sanduku hilohilo. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Na je, aliyeruka peke yake bila kufika kwenye leseni, mnaosomea mambo haya mnamwita rubani?

Kama kuna aliyesoma Soroti miaka hiyo, au aliyefanya kazi ya usafiri wa anga chini ya Jumuiya, naomba aniambie kumbukumbu za wanafunzi zilipelekwa wapi ilipovunjika. Mimi ningependa jiwe liseme tu: "Aliruka peke yake, Soroti", na tarehe ile ya ukurasa wa nne. Fundi ametupa hadi mwisho wa mwezi.

Mwanawe,
Lushoto