Staringi anayekufa: ombi kwa watafsiri wa filamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie Re:Zero, tamthilia ya katuni ya Kijapani ambayo vijana wa hapa Moshi wanaitazama kwenye simu na kwenye vibanda umiza, na ambayo kwa maoni yangu inaharibiwa na hao hao wanaotutafsiria.

Sisi wa zamani tulikuwa na sheria moja kibandani: staringi hafi. Hadithi za mtu anayetolewa ghafla kwao na kutupwa katika ulimwengu mwingine, ambazo Wajapani wanazo tele, huifuata sheria hiyo hata kupita kiasi, kwani kijana asiye na mbele wala nyuma akifika huko hupewa nguvu zisizo na mpinzani. Tappei Nagatsuki, aliyeanza kuitoa hadithi yake mtandaoni mwaka 2012, kabla haijawa kitabu mwaka 2014 na katuni ya televisheni mwaka 2016, aliigeuza sheria hiyo juu chini. Subaru wake anatoka dukani usiku na mfuko wa vitafunio, anajikuta katika ufalme wa Lugunica, anaamini kuwa zamu yake ya ushujaa imewadia, kisha anapigwa na vibaka uchochoroni. Siku hiyo hiyo anachanwa tumbo na kufa.

Uwezo pekee anaopewa afikapo huko ni kurudi nyuma katika wakati kila afapo. Maumivu anayakumbuka peke yake, na akithubutu kuisema siri hiyo, mkono usioonekana unambana moyo. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na sikumbuki mhusika aliyefanywa mpweke kwa ukatili kama huu katikati ya watu wanaompenda.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya ikulu. Subaru anajitangaza mbele ya wakuu kuwa mlinzi wa Emilia, binti anayewania kiti cha enzi, ilhali hakutumwa wala hakuapishwa, na aibu inamwangukia binti huyo. Julius, mlinzi wa kweli wa ufalme, anamtandika kwa upanga wa mbao huku wenzake wakitazama. Hata hivyo kipigo si kitu mbele ya mazungumzo yanayofuata, ambamo Subaru anadai kwamba yote aliyatenda kwa ajili ya Emilia, anadai alipwe shukrani kwa mema ambayo Emilia hawezi kuyakumbuka kwa kuwa siku zile zilikwishafutika, na sisi watazamaji tunaanza kuona kwamba alikuwa akijitafutia sifa zake mwenyewe.

Katika nakala niliyoitazama na mjukuu wangu, mazungumzo hayo yamekatwa. Mtafsiri, kwa sauti ya mbwembwe, anatuambia kwamba staringi ameumia lakini atarudi kulipa kisasi. Mjukuu wangu, ambaye alikwisha kuiona katuni yenyewe, aliniuliza, "Babu, kisasi cha nini tena, na mkosaji ni yeye?" Ikabidi anisimulie yeye yale yaliyorukwa.

Najua watafsiri wanatafuta riziki na mteja wa kibanda anataka ngumi. Nawaomba tu wasimfanye Subaru shujaa ambaye mtunzi wake amekataa kumfanya. Wakiona mazungumzo yale yanawashinda, wanyamaze hapo, watuachie sauti za wenyewe.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Moshi, Kilimanjaro.