Msiuze tangi na samaki siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wauzaji wa samaki wa urembo hapa Tanga, na wateja wao pia. Siku hizi ukiingia sebuleni kwa watu, iwe Chumbageni au Makorora, unaweza kukuta kitangi cha kioo pembeni ya tivii, taa inawaka, watoto wamekaa mbele yake, na mimi nafurahi sana kuona hivyo kwa sababu kufuga samaki ni starehe nzuri ya nyumbani na haina kelele. Shida ni ukirudi baada ya wiki mbili. Samaki wote wamekufa, tangi liko stoo, mwenyewe anasema samaki hawa hawafai au anasema kapigwa jicho na wageni. Jamani si jicho, ni maji!

Iko hivi. Samaki taka yake kubwa ni amonia, inatoka kwenye mashavu yake kila anapopumua, na chakula kilichobaki chini kikioza nacho kinatoa amonia hiyohiyo. Mtoni inachukuliwa na maji lakini kwenye kioo haina pa kwenda, inabaki humo inamuunguza samaki mashavu. Kinachomuokoa ni bakteria wazuri wanaoota wenyewe kwenye sponji ya filta, kwenye mawe na kwenye mchanga, hawa wanaigeuza amonia kuwa nitraiti ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo haina makali hayo, na majani ya majini yanaila kama mbolea. Sasa bakteria hawa hawanunuliwi pamoja na kioo, wanahitaji muda wa kuota, kwa kawaida wiki nne mpaka sita. Yani mtu akinunua tangi asubuhi na samaki kumi jioni akawatia humo, amewatia kwenye maji yasiyo na mlinzi, siku mbili tatu za kwanza wataogelea vizuri tu afu wanaanza kupanda juu kutafuta hewa.

Na kuna jambo linaniuma zaidi, ni usafi wetu. Sisi watu wa pwani tunapenda vitu ving'ae, kwa hiyo tangi likianza tu kuwa na ukungu mama au dada anatoa samaki kwenye beseni, anamwaga maji yote, anasugua mawe na filta kwa sabuni, anajaza maji mapya ya bomba, tangi linang'aa kweli kweli na kesho yake samaki wanakufa. Anashangaa mbona nimesafisha. Ndio hivyo, ameua bakteria wote kwa mkupuo mmoja, afu maji ya bomba yana klorini ya kuua vijidudu, na hiyo klorini haichagui. Inatosha kutoa robo ya maji kila wiki, ukajaza maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi masaa 24, na sponji usuuze kwenye yale maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani. Sabuni isiguse kabisa.

Kuhusu tangi lenyewe, mafundi wetu wa vioo na aluminiamu wanatengeneza vizuri tu na bei zao zinaongeleka, ila muombe fundi asitumie silikoni ya bafuni ile yenye dawa ya kuzuia ukungu maana ile dawa inaingia kwenye maji. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 linabeba kama lita 60, na lita 60 ni kilo 60 hapo hujaweka mawe, mchanga wala uzito wa kioo, kwa hiyo ile meza nyembamba ya tivii haifai. Usiliweke dirishani, jua la Tanga litageuza maji kijani mara moja. Mchanga wa Raskazone na makome uviache ufukweni, una chumvi na chokaa, maji yanakuwa magumu na samaki wengi wa dukani hawayapendi. Hita hatuhitaji sisi, wenzetu wa Ulaya ndio wanalipia umeme kupasha maji, ila joto letu lina ubaya wake kwamba maji ya moto yanashika hewa kidogo, umeme ukikatika na pampu ikazima lile tangi lililojazwa samaki ndio linaumia kwanza. Weka wachache. Wale gapi wadogo ni wazuri kuanzia. Samaki wa dhahabu mnaouziwa kwenye bakuli la duara wanakua mpaka sentimita 20 na zaidi, bakuli ni kumtesa, naomba duka lolote linalouza hivyo liache.

Na wale wanaochoka wasiende kumwaga samaki wao mto Zigi au kwenye mitaro. Nchi hii tunajua kilichotokea Ziwa Victoria, sangara aliingizwa miaka ya 1950 na furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina mamia wakapungua vibaya, wengine hawaonekani tena. Huku kwetu mto Pangani na Zigi kuna perege ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Korogwe, Oreochromis korogwe, na kwenye madimbwi ya masika ya pwani hii mpaka Kenya kusini kuna kasamaki kenye mkia mwekundu kanaitwa Nothobranchius palmqvisti, kanataga mayai kwenye tope, dimbwi linakauka, wakubwa wote wanakufa, mayai yanangoja humo kwenye tope kavu mpaka mvua irudi ndio yanaanguliwa. Watu wa mbali huko wanawafuga kwa mapenzi makubwa na watoto wetu wanapita pembeni ya dimbwi hawajui kuna nini. Gapi ni mgeni toka Amerika ya Kusini, anazaa haraka mno, akiingia humo sijui tutamtoa vipi.

Kwa hiyo wauzaji nawaomba, mteja akija mara ya kwanza muuzieni kioo, filta na majani, mwambieni atie chakula kidogo kidogo tangi likiwa na maji bila samaki ili bakteria wapate cha kula, arudi mwezi ujao kuchukua samaki. Mtapoteza mauzo ya siku moja lakini mteja ambaye samaki wake wanaishi atarudi kununua chakula, atarudi kununua wengine na ataleta jirani. Na sisi wenye matangi ya zamani tusiwe wachoyo, kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta yako ukimpa anayeanza, akakiweka kwenye filta yake kikiwa bado kibichi, zile wiki za kusubiri zinapungua sana. Mimi yeyote atakayeniomba nitampa.

Mfuga samaki,
Chumbageni, Tanga