Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Itifaki imezingatiwa. Shughuli za kawaida mnazijua: mihadhara, futari, rambirambi kwa waliofiwa. Zote zilifanyika, sitawachosha.

Nakuja kwenye safari ya Scopwick, kijiji cha Lincolnshire, Uingereza, maana maneno yamekuwa mengi. Nalaumiwa kwamba nilipeleka fedha za chama kwenye kaburi la rubani Mmarekani "aliyekufa mazoezini", nikawaacha wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliopigana Burma. Kwanza, kamati iliridhia. Pendekezo lilikuwa langu, silikani.

Rubani huyo, John Gillespie Magee, alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba Mmarekani, mama Mwingereza, wote wamisionari. Nchi ya baba yake ilikuwa bado haijaingia vitani alipojiunga na jeshi la anga la Kanada mwaka 1940. Tarehe 11 Desemba 1941, siku ileile Ujerumani ilipotangaza vita na Marekani, alikuwa akishuka na wenzake kupitia upenyo wa mawingu huko Lincolnshire. Ndege yake ya kivita, Spitfire, ikagongana na Oxford, ndege ya mafunzo kutoka kambi ya Cranwell. Mkulima alimwona Magee akisukuma kifuniko cha ndege na kuruka, lakini ardhi ilikuwa karibu mno, mwavuli haukuwahi kufunguka. Alikuwa na miaka 19. Rubani wa Oxford, Ernest Griffin, alikufa pia, naye ana miaka 19. Magee anakumbukwa kwa shairi lake. Griffin hana wa kumtaja. Ndiyo maana nilisisitiza majina yote mawili yasomwe, hata kama kuna walionung'unika kwamba basi linachelewa.

Hao wa "mazoezini" hawakuwa wachache. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza pekee kilipoteza watu zaidi ya 55,000, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa nje ya mashambulizi, wengi wakiwa mafunzoni. Na wazee wetu wa mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail Februari 1944, wakitoka Mombasa kwenda Colombo, je? Burma hawakuiona. Najua mtanijibu kwamba meli ile ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, yaani adui. Sawa, lakini anayepima kifo kwa umbali kutoka uwanja wa vita aanze na hao, tumsikie.

Basi lilikuwa la viti 49, tulipanda 17. Waliolalamika zaidi sikuwaona kituoni. Wanachama ni 64, waliolipa ada 23, deni la ada jumla pauni 820, na pengo la nauli nimelifidia mwenyewe, jambo ambalo sikutaka kulisema.

Mwakani, Mungu akipenda na ada zikiingia, tutawafanyia wazee wa KAR kumbukumbu inayostahili. Mahali na tarehe tutajulishana. Mtunza hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti