Kabla ya kumlaumu tai

Juma rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Pole kwa wana-kondoo uliowapoteza, lakini hiyo sumu unayotaka kumtegea tai iache kwanza, uchune mzoga mmoja. Vaa glavu, maana baadhi ya magonjwa yanayotoa mimba za kondoo huambukiza watu.

Anzia shingoni na mgongoni, ukitenganisha ngozi na nyama. Ukikuta damu imevilia penye matundu, mnyama alishikwa angali hai. Kama hakuna damu iliyovilia, alishakufa, na aliyemla aliokota tu. Tai hushika kwa juu: matundu yake huzama kichwani, shingoni au mgongoni, kwa kawaida matatu upande mmoja na moja likiyaelekea, la ukucha wa nyuma. Kandokando utaona kinyesi cheupe kimerukia majani. Bweha hubana koo, kisha huanza kula ubavuni. Mbwa wanaozurura hung'ata ovyo, mapajani, masikioni, popote, na huacha majeruhi wengi bila kula hata mmoja. Kunguru hudonoa macho, ulimi na kitovu. Kwa kichanga, kata kipande cha pafu ukitie majini. Kikizama, huyo hakuwahi kupumua, na hapo tai hana kesi.

Ikiwa kweli ni tai, hatari kubwa iko kwenye wiki tatu nne za kwanza. Kondoo mkubwa hushambuliwa kwa nadra. Basi kazi ni kuzibana hizo wiki. Kondoo jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto, yaani hutaka dume tena, baada ya siku 17 hivi, kwa hiyo mwache dume kundini siku 35 kisha umtoe. Mimba huchukua takriban siku 147, na kundi zima litazaa ndani ya wiki tano hivi badala ya kukusumbua mwaka mzima. Majike wazalie kwenye zizi dogo lenye wavu juu, uliokazwa vizuri. Ukilegea, ndege atanasa humo na wewe utakuwa na shida mbili. Wakianza kutoka malishoni, mchungaji awe nao karibu, si kule kivulini, na amwangalie zaidi pacha mdogo anayebaki nyuma. Sanamu na utepe unaometameta husaidia kwa muda tu. Vihamishe kila siku tatu au nne, na uviondoe msimu ukiisha, la sivyo tai atatua juu yake.

Wa usiku wana dawa nyingine. Bweha na mbwa huchimba, kwa hiyo wavu wa zizi ufukie sentimita 30, au uukunje chini kuelekea nje kama nusu mita na kuulaza kwa mawe. Kwa chui, zizi lisilo na paa ni ngazi tu. Ukiweka uzio wa umeme, waya wa chini kabisa uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, na upime nguvu kule mwisho wa uzio, si penye mashine: isishuke chini ya volti 4,000. Ikishuka, mara nyingi ni majani yanayogusa waya, au vyuma vya eathi, vinavyounganisha mashine na ardhi, vimekaa kwenye udongo mkavu.

Mbwa wa kulinda ni mzuri kuliko vyote hivi, ila hataki haraka. Mtoto wa mbwa wa aina ya walinzi aingie zizini akiwa na wiki nane, alale na kondoo, na watoto wasimgeuze kuwa wa kuchezea. Akiwa kijana anaweza kuwakimbiza wana-kondoo kwa mchezo. Mkemee papo hapo. Kazi kamili usiitarajie kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Kuhusu sumu: itaua tumbusi kabla ya tai. Miguu ya tumbusi haikuumbwa kukamata mawindo, na ndiye anayekusafishia mizoga. Itamuua na mbwa wako pia, na nchi nyingi zinawalinda ndege hawa kisheria. Mizoga na kondo za nyuma zifukie zaidi ya mita moja, mbali na kisima, maana harufu yake ndiyo inayowaita bweha.

Niandikie matundu umeyakuta wapi na yamekaaje, tujue pa kuanzia.

Wako,
Hamisi